Baruti Mvivu

Kiswahili chetu kina neno moja tu: risasi. Risasi ni yale madini laini na mazito ambayo wavuvi hufunga kwenye nyavu ili zizame. Risasi ni kile kinachotoka kwenye mtutu. Na risasi tena ni kile kidude kizima chenye kung'aa, kinachouzwa kwa boksi. Ukisema fulani kapigwa risasi, hakuna atakayekuuliza ni ipi kati ya hizo tatu. Nimeishi na neno hilo miaka ishirini na ushei bila taabu yoyote, mpaka nilipoketi kwenye gereji ya mzee mmoja hapa Houston, Texas, akanipangia vitu vinne mezani: ganda la brasi, ile shaba ya njano, fataki ndogo kuliko punje ya hindi, kijiko cha baruti, na kichwa chenye ncha. Nikamwambia kwa Kiingereza changu cha Tabora kwamba hizi ni risasi, nazijua. Akatikisa kichwa. Hapa hakuna risasi, alisema, bado hatujaitengeneza.

Ndugu msomaji, nikutoe wasiwasi mapema. Sikuja Marekani kujifunza ujambazi. Nilikuja mwaka 2021 kwa ile bahati nasibu ya viza, na cheti changu cha kidato cha sita kimenifikisha pale kinapowafikisha washikaji wengi huku majuu, yaani kubeba boksi. Mchana nabeba, usiku naandika riwaya. Riwaya yenyewe inahusu wawindaji wa magobore kule Sikonge, kwa akina mama yangu, na imekwama miaka mitatu sasa. Kila nikimfikisha shujaa wangu porini na bunduki yake, kalamu inagoma. Naijua njaa yake, naijua mvua inayomnyeshea, lakini mikono yake siioni inafanya nini. Na kwetu habari ya mikono ya mwindaji si habari ndogo. Babu mzaa mama alikuwa mwindaji wa gobore, na mimi nilimkuta ana vidole viwili tu mkono wa kushoto.

Huyo mzee wa gereji ni fundi wa lezi aliyestaafu. Anakuja kwenye ghala letu siku mbili kwa wiki kutengeneza mikanda ya kusafirishia mizigo. Huku kila mtu anaitwa kwa jina lake la kwanza, hata awe na umri wa babu yako, na mimi hilo limenishinda. Namwita Mzee. Mwanzo alidhani namtukana. Siku alipoelewa maana yake alinyamaza kidogo, na tangu hapo akinipigia simu anasema, "Hapa ni Mzee." Aliposikia kwamba nataka kujua watu wanavyojaza risasi kwa mkono, kwa ajili ya kitabu, hakucheka. Alisema njoo Jumamosi, na uje umelala vizuri.

Sheria ya huku inamruhusu mtu kujijazia risasi kwa matumizi yake mwenyewe. Akitaka kuziuza ndipo anapohitaji leseni. Nyumbani usithubutu. Sheria yetu ya silaha ya mwaka 2015 haina mzaha. Na wala sitaandika hapa kipimo hata kimoja cha baruti, maana kipimo hutoka kwenye kitabu cha watu waliopima kwa mitambo, hakitoki kwa mtunzi wa riwaya.

Sasa, kwa nini mtu ajisumbue wakati madukani zimejaa tele? Mzee ana bunduki ya .308 Winchester, aina ya risasi iliyoingia sokoni mwaka 1952. Kiwanda, anasema, kinatengeneza risasi ambayo lazima iingie kwenye kila bunduki ya .308 duniani. Yeye anatengeneza ya kuingia kwenye bunduki yake moja tu. Ganda likishalipuka huvimba na kuchukua umbo la chemba ya bunduki ile, kama kiatu kinavyochukua umbo la mguu. Ukiliokota, unaanza na kiatu kilichokwisha kuzoea mguu.

Kazi yenyewe inachosha, nisiseme uongo. Unalipaka ganda mafuta kidogo, unalisukumia ndani ya dai kwa mashine ya mkono, shingo yake inabanwa irudi kwenye kipimo na fataki iliyokufa inang'olewa kwa pini kupitia tundu la kitako. Hiyo fataki ya tundu moja katikati ni ya Boxer, Mwingereza. Ile ya matundu mawili, isiyong'oka kwa pini, ni ya Berdan, Mmarekani. Wote ni wa miaka ya 1860, na mpaka leo Wamarekani wanatumia ya Mwingereza na sehemu kubwa ya Ulaya ikachukua ya Mmarekani. Mambo ya dunia.

Baada ya hapo unapima urefu wa ganda kwa vanya kalipa, maana brasi hurefuka kila inapolipuliwa na kubanwa. Lililozidi milimita 51.18 linapunguzwa. Unasafisha kikao cha fataki, unakandamiza fataki mpya kwa kidole gumba ukiisikiliza inakaa, kisha unakuja kwenye baruti. Hapo Mzee huzima redio. Mezani huwa na kopo moja tu la baruti, mengine yote yamefungiwa kabatini, ili mkono usije ukajikosea. Wanapima kwa kipimo cha zamani kilichopewa jina la punje ya nafaka. Punje 7,000 ndizo ratili moja, na gramu moja ni punje 15 na kitu. Mzee anapima mpaka sehemu ya kumi ya punje, ambayo ni kama miligramu sita na nusu. Vichembe viwili vitatu, basi. Nilimwona akichukua kichembe kimoja kwa koleo la nyusi za mkewe na kukirudisha kwenye kopo.

Maganda yakishajazwa yote hamsini yakiwa yamesimama kwenye ubao, anamulika tochi ndani ya kila moja kabla ya kuweka vichwa. Lililojazwa mara mbili litaonekana limepanda kuliko wenzake. Lisilojazwa litaonekana tupu. Mimi nilidhani kwa mtu wa miaka yake hilo ni la kuruka. Haruki. Kitabu kinamwambia aanze chini na kupanda kidogo kidogo, akitazama fataki zilizolipuka kama zimebonyea kupita kiasi, na komeo kama linakuwa gumu kufunguka, kwa sababu hizo ndizo dalili za shinikizo kubwa. Kipimo cha juu kilichoandikwa hajawahi kukigusa. Nilipomuuliza kama baruti nyingi haifanyi risasi iende mbali zaidi, alinitazama kama mtoto. Hapa hatutafuti nguvu, alisema. Tunatafuta hamsini zinazofanana.

Akanipa kisa cha ghala. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, hapa hapa Houston, mtu mmoja aitwaye Virgil King na wenzake walikuwa wakilenga shabaha usiku ndani ya ghala kubwa mno, umbali wa yadi 100, mahali ambapo hakuna upepo wala mvuke wa jua wa kulaumiwa. Habari zao zilichapwa mwaka 1993 katika gazeti la Precision Shooting, na walengaji bado wanazisimulia. Mle ndani, risasi ikienda pembeni, kosa ni lako, au la bunduki, au la kile ulichojaza. Mimi ninayeshinda ghalani kila siku na boksi za viatu nilikipenda sana kisa hicho, ingawa bosi wetu sidhani kama angekipenda.

Uwanjani nilijifunza kutoamini furaha. Risasi za dukani za Mzee zilitawanyika kama sentimita nne kwenye karatasi ya yadi 100, ambazo ni mita 91. Zile alizojaza mwenyewe zilitoboa tundu tatu zilizogusana. Nikaruka. Akasema risasi tatu zinaweza kudanganya, piga kumi. Nilipopiga kumi, kundi lilikuwa limepanuka, sentimita mbili na nusu hivi, bado zuri, lakini si ule muujiza wa zile tatu. Kuna watu, alisema, wanaokata karatasi ya tatu na kuiweka ukutani, ile ya kumi wanaitupa.

Kufikia mwezi wa pili ndipo nikamsimulia habari za babu.

Mwaka 1987, miaka mingi kabla sijazaliwa, gobore la babu lilipasuka mikononi mwake nyuma ya nyumba. Vidole vitatu vilikwenda, na jicho moja likaingia ukungu usiotoka tena. Nyumbani hilo halikuitwa ajali. Asubuhi ile jirani yetu, mama mjane mwenye watoto wanne, alikuwa amesimama kwenye uzio akimwangalia babu, na watu watatu walimsikia akisema, "Hiyo itakula mkono wako." Wiki iliyotangulia walikuwa wamegombana kuhusu nyama ya nguruwe pori. Ushahidi gani tena unataka? Yule mama alihama na wanawe kabla ya mvua kuanza, na alikuwa na bahati kuwa aliondoka kwa miguu yake mwenyewe, maana unyamwezini na usukumani wanawake wazee wameuawa kwa sababu nyepesi kuliko hiyo. Mimi nimekua nikitishwa kwa jina lake nikikataa kula.

Mzee alisikiliza akiwa anafuta mashine. Hakuuliza chochote kuhusu uchawi. Aliuliza baruti ilikuwa ya aina gani.

Nikamwambia ya gobore, nyeusi. Akasema zipo njia kadhaa za gobore kupasuka. Goroli ikikwama katikati ya mtutu badala ya kukaa juu ya baruti, mtutu unaweza kuvimba na kupasuka. Mtu akisahau kwamba ameshashindilia akashindilia tena, napo ni balaa. Baada ya vita ya Gettysburg mwaka 1863, alisema, ziliokotwa bunduki zaidi ya 27,000 uwanjani. Kama 24,000 zilikuwa zimejazwa, karibu nusu ya hizo mara mbili, na moja ilikuwa na mashindilio 23. Wanaume walikuwa wanashindilia na kushindilia kwa hofu, bila kujua kwamba haijalia. Halafu akasema iko njia ya tatu, akanyanyuka.

Tulitoka nje kwenye sakafu ya saruji. Akaweka chini kijipunje cha baruti nyeusi, ile ya kale ya mkaa, chumvi ya baruti na kiberiti upele, na hatua chache pembeni akaweka kiasi kile kile cha baruti yake ya .308. Akawasha ya kwanza kwa kijiti kirefu. Pwaa! Mara moja, moshi mweupe, harufu ya mayai viza, na doa jeusi sakafuni. Akawasha ya pili. Ikashika moto taratibu, ikaungua kwa mwali wa njano kama plastiki, karibu bila moshi, mpaka ikajiishia. Ningeweza kuhesabu moja, mbili, tatu.

Ipi ina nguvu? aliniuliza.

Macho yangu yalisema nyeusi. Lakini nilikuwa nimeshakaa mezani kwake vya kutosha kujua kwamba si hivyo. Hii ya pili, isiyo na moshi, ni jamii ya ile aliyoivumbua Mfaransa Paul Vieille mwaka 1884. Ukiiwasha wazi ni mvivu. Ukiifungia, gesi yake inajenga shinikizo, shinikizo linaifanya iungue haraka zaidi, nako kuungua haraka kunaongeza shinikizo, mpaka kitu kiondoke: ama kichwa kitoke mdomoni mwa mtutu, au mtutu wenyewe ufunguke. Bunduki ya .308 imetengenezwa kwa chuma cha kuhimili hilo. Gobore ni bomba. Ukilijaza baruti hii kwa kipimo cha macho ulichozoea kwa ile nyeusi, Mzee alisema, unakuwa umeshika bomu begani.

Usiku ule nilimpigia mama mkubwa, Sikonge. Yeye ndiye dada mkubwa, mwaka 1987 alikuwa na miaka kumi na mitatu na ndiye aliyekuwa akimbebea babu pembe ya baruti. Mama yangu alikuwa na mitano. Baada ya shikamoo na habari za tumbaku, nilimwomba anieleze siku ile tangu asubuhi. Sikumtajia habari za sakafu ya Mzee. Sikutaka kumtilia maneno mdomoni.

Alisema baruti ya babu ilikuwa imekwisha. Akapita mtu na baiskeli, si wa pale, ana kopo la majani ya chai limejaa baruti. Ikoje, mama mkubwa? "Ya kijivu. Vijiti vidogo vidogo, utadhani mtu kakatakata njiti. Mwenyewe alisema ya serikali, imetoka kwenye risasi za kweli kweli." Babu akanunua. Akaenda kwenye jiwe la kunolea visu, akaweka kidogo, akaiwasha, maana ndivyo alivyokuwa akijaribu baruti siku zote.

Nikamuuliza ikawaje. Alikaa kimya hadi nikadhani salio limekwisha.

"Iliungua polepole. Baba akacheka. Akasema, baruti hii mvivu, huyu kaniibia. Akaongeza."

Ndugu msomaji, nilikuwa nimeketi kitandani na daftari la riwaya magotini na sikuandika kitu. Babu hakuwa mzembe. Aliijaribu. Alifanya kile ambacho mtu makini angefanya, kwa elimu aliyokuwa nayo, iliyomtosha miaka thelathini ya porini, na jaribio likampa jibu lililo kinyume. Angekuwa mzembe angejaza kiasi cha kawaida, na pengine, sijui, angepoteza kidole kimoja.

Kesho yake nilimpigia mama, Tabora mjini. Nilieleza yote, vizuri, kama mwalimu: baruti mbili, sakafu, shinikizo, Mfaransa. Mama ni msikivu. Aliniacha nikamaliza.

"Sawa mwanangu," akasema. "Baruti ilikuwa mbaya, nimekuelewa. Sasa na aliyemwelekeza yule mtu wa baiskeli mlangoni kwetu, kijiji kizima kile, ni nani?"

Nikatafuta jibu. Vitabu vya Mzee viko sita kwenye rafu, na vina majedwali ya kila ganda na kila kichwa. Swali la mama halimo. Nilisema pengine ni bahati mbaya tu, akaguna ile guno yake, akaniuliza kama nakula vizuri.

Mama mkubwa yeye hakuuliza swali hilo. Wiki mbili baadaye alinipigia mwenyewe, jambo ambalo halifanyi, akataka nimtumie nauli ya kwenda Urambo. Yule mama yuko huko kwa mwanawe wa pili, hai, ana zaidi ya miaka sabini. Nikatuma nauli na ya sukari. Alikwenda Jumanne na basi la asubuhi.

Alinisimulia hivi. Alimkuta anapepeta mchele. Alijitambulisha kwa jina la baba yake, na yule bibi akaweka ungo chini. Mama mkubwa akapiga goti, akamsalimu, akamweleza kuhusu baruti ya kijivu na jiwe la kunolea. Bibi akasikiliza. Akasema, "Mimi nilimwona pale jiwe. Marehemu mume wangu nilikuwa namsagia mkaa wa baruti kwa mikono yangu hii, kwa hiyo baruti naijua. Nikaona inaungua kama mafuta ya taa. Nikamwambia baba yako, hiyo itakula mkono wako." Akanyamaza. "Nilimwambia."

Kisha akamwuliza mama mkubwa kama amekula, akamwita mjukuu alete maji ya kunawa. Walipokuwa wanakula akauliza ni yupi kati ya wale watoto aliyekuwa mdogo sana wakati ule, akimlilia baba yake uani. Mama mkubwa akamwambia ni mdogo wangu, yuko Tabora mjini. Bibi akauliza kama naye atakuja.

Mama mkubwa akamwambia hajui.